Huduma ya TEHAMA na ulinzi wa mtandao kwa mkataba: maswali tunayoulizwa na wenye biashara

Majibu haya ni ya mwenye biashara ndogo au ya kati: duka la jumla, wakala wa forodha, zahanati, shule binafsi, kampuni ya utalii, ofisi ya mawakili. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam maana ndiko tunakofanyia kazi, ila aliyeko Mombasa au Arusha atayakuta mambo ni yaleyale.

Fundi wetu tunamwita kompyuta ikiharibika. Mkataba wa mwezi una tofauti gani?

Fundi wa kuitwa hulipwa kitu kikiharibika. Wa mkataba hulipwa kila mwezi, kiharibike kisiharibike, na kila kinachoharibika kinamla yeye muda na mafuta ya gari. Kwa hiyo ana sababu ya kuzuia. Kazi yenyewe haina mbwembwe: kusasisha Windows na programu ya uhasibu nje ya saa za kazi, kuangalia asubuhi kama nakala za jana usiku zimekamilika, kubadilisha diski iliyoanza kutoa dalili kabla haijafa, kufunga akaunti ya mfanyakazi aliyeacha kazi Ijumaa siku hiyohiyo ya Ijumaa.

Sehemu kubwa ya hayo mteja haioni, ndipo baada ya muda anauliza, "Hivi hawa jamaa wanafanya nini hasa?" Ni swali la haki. Dai ripoti kila mwezi. Ikija na grafu za rangirangi lakini haisemi kompyuta ya nani haijasasishwa na kwa nini, irudishe.

Mimi nina duka la vipuri na kompyuta tatu tu. Nani atahangaika na mimi?

Hakuna anayehangaika na wewe, na hapo ndipo penye tatizo. Programu za wahalifu hupita anwani za intaneti moja baada ya nyingine, usiku na mchana, zikijaribu milango: ruta yenye nenosiri la kiwandani, kompyuta iliyofunguliwa ili mhasibu aingie akiwa nyumbani, kamera za ulinzi zilizounganishwa na intaneti kisha zikasahauliwa. Haziulizi mtaji wako ni kiasi gani.

Chukua kirusi cha WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu ambalo kilikuja kulitumia. Kirusi kilianza kusambaa tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kikaingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Hakuna mtu aliyekaa akaichagua hospitali hii au kiwanda kile. Kompyuta zilikuwa hazijasasishwa, basi.

Shambulio linaloumiza biashara za huku zaidi ni lipi?

Wengi hutegemea tuseme kirusi. Sisi tunasema barua pepe ya ankara.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anaagiza mzigo Guangzhou. Bei imekubaliwa, malipo ya awali yameshakwenda, salio litalipwa kontena likiwa tayari. Inaingia barua pepe: ankara ileile, nembo ileile, namba ya oda ileile, na sentensi moja ya ziada. Akaunti yetu ya benki iko kwenye ukaguzi, tafadhali salio lipelekeni kwenye akaunti hii nyingine. Akaunti hiyo mpya iko nchi nyingine kabisa. Mhasibu analipa, anatuma risiti ya benki, anaendelea na kazi. Siku kadhaa zinapita, kisha muuzaji halisi anaandika kuuliza: salio vipi?

Kilichotokea ni kwamba kuna mtu alikuwa ameshaingia kwenye sanduku la barua la mmoja wao, mara nyingi kwa nenosiri ambalo mwenyewe aliliandika kwenye ukurasa bandia wa kuingilia. Mtu huyo hakuharibu chochote. Alisoma, akasubiri, akaweka kanuni kwenye mipangilio ya barua pepe ili ujumbe wote kutoka kwa muuzaji yule uangukie kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Siku ya malipo ilipofika akajibu ndani ya mazungumzo yaleyale, kwa anwani inayofanana na ya muuzaji: herufi r na n zimekaa pamoja mahali pa m. Kwenye skrini ya simu, nani ataona?

Antivairasi haina la kufanya hapa, kwa sababu kirusi hakipo. Kinachosaidia ni uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri, kisha uthibitisho wa pili, kama namba inayotokea kwenye simu yako) kwenye barua pepe za kila mtu, na kukagua mara kwa mara kanuni za kusambaza barua ambazo hakuna anayekumbuka kuziweka. Zaidi ya yote, ofisi iwe na utaratibu mmoja usiovunjwa: akaunti ya kulipia haibadilishwi mpaka mtu apige simu kwenye namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa chini ya barua hiyo.

Utaratibu huu haugharimu hata shilingi na ndio unaopuuzwa zaidi, maana mhasibu anaogopa kumchelewesha bosi. Basi bosi mwenyewe atamke mbele ya wote kwamba malipo yakichelewa kwa sababu ya kupiga simu hakuna lawama. Na siku ujumbe ukija kwa jina la bosi, "lipa sasa hivi, niko kwenye kikao", mhasibu ampigie bosi vilevile.

Sisi kila kitu tunafanya WhatsApp. Mtatukataza?

Hapana. Kwa biashara nyingi hiyo ndiyo ofisi. Ila laini ya biashara isajiliwe kwa jina la kampuni, si kwa kitambulisho cha mtu wa mauzo ambaye akiondoka anaondoka na wateja wote. Wekeni namba ya siri ya hatua ya pili kwenye mipangilio, na angalieni vifaa vilivyounganishwa: mara nyingi mtakuta kompyuta ya mtu aliyeacha kazi bado inasoma ujumbe wote. Ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS haitajwi kwa mtu yeyote, hata akiwa ni rafiki anayedai ameituma kwenu kwa bahati mbaya. Na nakala za pasipoti na vitambulisho vya wateja zisipite kwenye magrupu. Zikishapita, zimebaki kwenye simu za watu wote waliomo.

Tuna antivairasi. Haitoshi?

Inategemea Windows iliyo chini yake. Tukifungua kompyuta za ofisi mpya tunakuta Office ya kuchakachuliwa, na aliyeiweka alianza kwa kuzima antivairasi, kwa sababu kile kiprogramu cha kuvunjia leseni kilikuwa kinazuiwa. Hakuiwasha tena. Kuna pia kompyuta za Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Isipokuwa zimejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, matundu yanayogunduliwa sasa yanabaki wazi.

Nakala tunazo, ziko kwenye diski ya nje ya mhasibu.

Diski hiyo imechomekwa kwenye kompyuta saa zote, sivyo? Kirusi cha kikombozi, kile kinachofunga mafaili ili udaiwe fedha za kuyafungua, hufunga kila faili kinaloweza kulifikia, na diski iliyochomekwa kinaifikia kama kinavyoifikia diski ya ndani ya kompyuta. Hata folda inayojisawazisha mtandaoni inaweza kubeba uharibifu huohuo na kuupeleka juu ndani ya dakika chache, msipokuwa mmewasha utunzaji wa matoleo ya zamani.

Kanuni ya kawaida kwenye kazi hii ni tatu, mbili, moja: nakala tatu za data, kwenye aina mbili tofauti za hifadhi, na moja ikae nje ya jengo. Sisi tunaongeza kwamba moja isifikike kabisa kutoka kwenye mtandao wa ofisi. Sababu yake aliifundisha Maersk. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya, kilichoanza kuenea kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine, kiliiangusha kampuni hiyo ya Denmark ya meli za makontena. Seva zilizokuwa zinatunza majina na ruhusa za watumiaji wake duniani zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zilikufa pamoja. Ikapatikana moja tu nzima, kwenye ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko na mashine ile ikawa nje ya mtandao kirusi kilipopita. Kampuni ilikadiria hasara ya kati ya dola milioni 250 na 300. Pengine ndiyo mara pekee mgao wa umeme ulistahili barua ya shukrani.

Sasa, kuwa na nakala na kuweza kuzirudisha ni mambo mawili. Jaribio letu ni hili: tunamwambia mhasibu achague faili lolote la wiki tatu nyuma, tuseme orodha ya wadaiwa. Tunalirudisha kwenye kompyuta nyingine kutoka kwenye nakala huku tukiangalia saa, na analifungua yeye mwenyewe, anashuka hadi jumla ya mwisho na kuilinganisha na karatasi aliyoichapa siku ile. Kuna wakati faili lipo lakini halifunguki, kwa sababu programu ya uhasibu ilikuwa wazi nakala ilipokuwa inachukuliwa. Kuna wakati nenosiri la kufungulia nakala zote analijua mtu mmoja, naye yuko likizo. Au kila kitu kinarudi vizuri, lakini kwa kasi ambayo seva nzima ingechukua siku nne, na mwenye biashara alikuwa anadhani ni saa nne. Mtoa huduma asiyekubali kufanya jaribio hili mbele yako kila robo mwaka, usimpe kazi ya nakala.

Umeme na intaneti navyo vinahusu ulinzi?

Vinahusu. Umeme ukikatika wakati data inaandikwa, hifadhidata ya uhasibu inaweza kuharibika bila msaada wa mdukuzi yeyote. UPS (yale masanduku ya betri ya kushikilia umeme ukikatika) nyingi tunazozikuta betri zilikufa zamani, zinatumika kama soketi za kuongezea. Chomoa waya wa ukutani siku ya Jumamosi uone inakaa dakika ngapi.

Kwa intaneti, kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao ukadorora Tanzania na kwa majirani. Ofisi yenye laini mbili za kampuni mbili tofauti inaweza isinusurike, kama kampuni zote mbili zinapita kwenye nyaya zilezile. Waulize wanatokea njia gani. Na mfumo wa mauzo uweze kuandika risiti bila intaneti na kuzituma ikirudi.

Nyie wenyewe mkidukuliwa je?

Swali hili tungependa liulizwe zaidi. Tarehe 2 Julai 2021 wahalifu walitumia tundu kwenye programu ya Kaseya, ambayo kampuni za TEHAMA huitumia kusimamia kompyuta za wateja wao kwa mbali. Biashara zilizoathirika zilikadiriwa kufikia 1,500. Nchini Sweden maduka ya Coop, mengi ya yale 800 hivi iliyo nayo, yalifungwa kwa sababu mashine za malipo hazikufanya kazi. Wenye maduka hawakubofya chochote kibaya. Mlango ulikuwa ni mtoa huduma.

Na si lazima awepo mhalifu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, programu ya ulinzi yenyewe, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5.

Kwa hiyo tuulize sisi, na muulize yeyote anayekuja na kalamu ya kusaini mkataba: kila fundi anaingia kwa akaunti yake au wote wanatumia moja? Uthibitisho wa hatua mbili uko kwenye zana zenu au mnatuhubiria sisi tu? Kumbukumbu za nani aliingia kwetu na saa ngapi tunaziona wapi? Masasisho mnayajaribu kwenye kompyuta chache kwanza? Tukitaka kuwafungia mlango usiku huu, tunabonyeza wapi? Akijibu "msiwe na wasiwasi", uwe nao.

Tukitaka kuachana nanyi, inakuwaje?

Hapa ndipo wengi wanaponaswa, na hawanaswi na wadukuzi. Jina la kikoa, lile la .co.tz au .com lililo kwenye barua pepe zenu, limesajiliwa kwa jina la fundi. Akaunti kuu ya barua pepe imefungwa kwenye namba yake ya simu. Leseni zimenunuliwa kwa kadi yake. Siku mnatofautiana juu ya malipo, biashara nzima iko mkononi mwake, na mara nyingi wala si mtu mbaya; alisajili tu kwa haraka na hakuna aliyeuliza.

Msimamo wetu: kila kitu kinasajiliwa kwa jina la kampuni ya mteja. Nenosiri la akaunti ya msimamizi mkuu linakaa kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya mkurugenzi, na linajaribiwa kila likibadilishwa. Mkataba useme muda wa notisi na orodha ya vitakavyokabidhiwa: manenosiri, mchoro wa mtandao, leseni, nakala. Usiposema, usisaini.

Bei mnaipanga vipi?

Kwa idadi ya watumiaji au ya vifaa, kwa mwezi, pamoja na seva kama zipo. Cha kuangalia ni kile ambacho hakimo: je, kuja ofisini ni bure au ni ziada? Usiku na Jumapili? Kufufua mfumo baada ya shambulio? Leseni ni bei ya nani, na dola ikipanda? Tofautisha pia muda wa kuitikia na muda wa kumaliza. "Tunaitikia ndani ya saa moja" maana yake inaweza kuwa tu kwamba mtu atajibu ujumbe.

Sheria inatudai nini?

Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu, iwe ni shule yenye fomu za wanafunzi au zahanati yenye mafaili ya wagonjwa, anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kutukabidhi sisi seva hakukuondolei wajibu huo. Makosa yenyewe ya udukuzi yako chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja saa waziwazi: uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72, na mtoa huduma anayechakata data kwa niaba yako akuarifu, inapowezekana, ndani ya saa 48. Hizo 48 ziandike kwenye mkataba hata kama uko Tanzania.

Tumeshambuliwa sasa hivi. Tufanye nini?

Chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi kwenye kompyuta iliyoathirika, lakini usiizime yenyewe, maana ushahidi mwingine unapotea ikizimwa. Piga picha ya skrini kwa simu. Usimruhusu mtu aliye mwepesi wa kuformati aiguse. Mawasiliano yahamie kwenye simu za kawaida, kwa kuwa barua pepe zenu zinaweza kuwa zinasomwa. Manenosiri yabadilishwe kutoka kwenye kifaa kingine kilicho safi.

Kama ni fedha, simu ya kwanza ni benki au mtandao wa simu, hata saa nane usiku: ombeni muamala uzuiwe na fedha zirudishwe. Saa za mwanzo ndizo zenye matumaini. Kisha polisi, mpate namba ya kumbukumbu. Namba za matapeli wa SMS Tanzania hutumwa 15040, na matukio ya kimtandao yana TZ-CERT, timu ya taifa ya kuyashughulikia, iliyo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kenya, timu ya namna hiyo ni KE-CIRT.

Kuhusu kulipa kikombozi, ushauri wetu ni usilipe. Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta ya Marekani, ililipa bitcoin 75 (sarafu ya kidijitali), karibu dola milioni 4.4, Mei 2021. Programu ya kufungulia mafaili waliyopewa ilikwenda polepole kiasi kwamba kampuni iliendelea kutegemea nakala zake yenyewe. Na mlango walioingilia wahalifu? Akaunti ya zamani ya kuingilia kwa mbali, isiyotumika tena, isiyo na uthibitisho wa hatua mbili.

Tuna kijana wetu wa IT. Mnakuja kumwondoa?

La. Yeye anaijua ofisi na watu wake, sisi tunakesha na kumsaidia asiwe mtu pekee anayejua kila kitu. Kijana mmoja hawezi kulala, kuumwa na kwenda likizo huku akilinda seva.

Bajeti ya mkataba hatuna kwa sasa. Tuanzie wapi wenyewe?

Anzeni na barua pepe: hatua mbili kwa kila mtu, wiki hii, mkurugenzi akiwa wa kwanza kwa kuwa yeye ndiye anayeomba asamehewe. Kisha ondoeni akaunti za walioacha kazi, badilisheni nenosiri la ruta na la kamera, ruhusuni masasisho ya Windows yajipakie, na nunueni diski mbili za nje zinazopokezana, moja ikiwa nyumbani kwa mkurugenzi wakati nyingine iko ofisini. Ule utaratibu wa kupiga simu kabla ya kubadili akaunti ya malipo uandikeni kwenye karatasi, mkurugenzi atie saini, ubandikwe juu ya meza ya mhasibu.